Magurudumu ya Ndege ya Obwocha

Gesima,
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Shemeji Walter,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikikasirika kwa Ekegusii nitasema maneno ambayo mwalimu mstaafu hafai kuyaweka kwenye karatasi. Simu sitapiga. Sikio langu la kulia limeziba, la kushoto linasikia nusu, na wewe simu huizima kutwa nzima eti mlio wake unakutetemesha mkono. Basi ni barua. Jirani yangu Tryphosa atakuletea kila anapokuja soko la Daraja Mbili kuuza ndizi, na akirudi asirudi mikono mitupu.

Boksi la ndege ndogo ya plastiki, ile ya kuunganisha vipande, liko kwako tangu Julai. Marion alilinunua huko Uingereza kwa mshahara wake wa unesi, ili tuwe na kitu cha kuweka mezani siku ya ukumbusho wa baba yake. Dukani wakampa ndege ya kiti kimoja. Ukaniambia kwa kinywa chako, “Mwalimu, hiyo si kazi, nitaigeuza iwe ya viti viwili.” Nilikuamini. Ulihudumia ndege zenyewe pamoja na marehemu miaka kumi na miwili jeshini, na sasa unafungua saa za watu hapo Kisii na kuzifunga tena zikiwa hai.

Sababu ya viti viwili unaijua, maana ulikuwepo makaburini. Obwocha alituambia maisha yake yote kwamba mwaka 1987 alipewa zawadi ya fundi bora, akakaa kiti cha nyuma cha F-5, ndege ya vita, akaruka. Siku tuliyomzika, kaka yake, Nyangau, akashika kipaza sauti akasema, “Ndugu yangu alipenda kutia chumvi. Ndege ya vita ina kiti kimoja. Yeye alikaa wapi, kwenye bawa?” Watu wakacheka mbele ya jeneza. Mume wangu alilala pale kama mwongo, na mimi nikiwa nimeshika shada la maua.

Ukumbusho ni Jumapili, tarehe 1 Desemba. Nataka viti viwili, ndege iwe hewani juu ya kijiti, magurudumu yamekunjwa, Nyangau aitazame mpaka ashibe. Ni hilo tu.

Damaris Mokeira


Kisii Mjini,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mwalimu Damaris,

Mbuya mono, asante sana, kwa ndizi. Maneno yaliyokuja nazo nimeyala pia.

Nilisema si kazi kwa sababu sikuwa nimefungua boksi. Unadhani mtu anaongeza kiti tu, kama unavyomsogezea mgeni benchi. Pua yote ni nyingine. Ile ya viti viwili ni ndefu zaidi kwa zaidi ya mita moja, ambayo kwa ndege yako ni milimita ishirini na mbili. Kwa hiyo jana nimeikata shingo kwa msumeno, ndege ya Marion, mpya kabisa, nikiwa nimefumba jicho moja. Kipande cha katikati nakichonga kutoka kwa bomba la maji la plastiki. Kuta za chumba cha nyuma ni kadi ya benki iliyokwisha muda. Kiti cha nyuma lazima kikae juu kidogo kuliko cha mbele ili anayekaa hapo aone njia. Halafu puani kuna mizinga miwili, na ya viti viwili inao mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia nimeuziba kwa fila ya magari.

Kuhusu magurudumu: hayatakunjwa. Milango ya tumboni imetengenezwa ikae wazi, haifungi. Tuiweke imesimama chini. Itapendeza vile vile.

Walter Masese


Gesima,
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Shemeji Walter,

Nani atahesabu mizinga? Nyangau hajui hata idadi ya ng'ombe wake. Ungeiacha miwili ukaokoa wiki nzima. Lakini nyinyi mafundi mna ugonjwa, marehemu alikuwa nao pia, hakuweza kupita karibu na mlango wa jirani uliolegea bawaba bila kutafuta bisibisi.

Milango ya tumboni isiyofunga, ikate. Umekata shingo, utashindwa na mlango? Ndege iliyosimama chini haithibitishi kitu. Hata mimi naweza kukaa ndani ya ndege iliyosimama. Nataka iwe inaruka.

Damaris


Kisii Mjini,
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mwalimu Damaris,

Leo nina hasira na sitaki uniongezee nyingine.

Vifuniko vya kioo, kile cha rubani na cha mtu wa nyuma, haviuzwi popote. Njia ni moja: unachonga kalibu yenye umbo lile, unalainisha plastiki ya chupa ya maji juu ya jiko, unaivuta juu ya kalibu mpaka ishike umbo. Mti ungeungua, kwa hiyo nikaenda Tabaka kwa Bosire, mchongaji wa mawe. Jiwe lao unalikata kama sabuni, na moto halisikii. Nikampa mchoro na vipimo, nikamwambia liwe laini kama yai.

Ijumaa akaniletea, limesuguliwa linang'aa, na juu yake amechonga twiga wawili na mistari ya pundamilia. Nikamuuliza, “Bosire, hii nini?” Akaniambia, “Mzee, ilikuwa tupu sana, nikaona aibu kukupa hivyo.” Mtu ambaye miaka thelathini anachongea watalii hawezi kuacha jiwe bila mnyama. Nimeshajaribu kifuniko kimoja kabla ya kugundua kwamba mikwaruzo ya pundamilia imehamia kwenye kioo. Rubani wako anaonekana yuko kizuizini. Nimeanza kusugua twiga kwa msasa, na Bosire amenuna.

Na hicho kijiti cha kuiinua hewani nimekifikiria. Kitapasua tumbo, pale nilipounga shingo hapana nguvu. Magurudumu yabaki chini.

Walter


Gesima,
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Bwana Walter,

Nimecheka kwa twiga, nakiri. Kicheko kiliisha Jumamosi.

Nani alikuambia unitumie mzigo kwa bodaboda siku ya Sabato? Unanijua. Wewe ni Mkatoliki, Jumamosi kwako ni siku ya kukomboa viatu kwa fundi, lakini mimi kazi ya mikono siifungui mpaka jua lizame. Mwendeshaji akanikabidhi boksi mlangoni, nami nikaliweka bila kulifungua mahali salama panapokauka, jikoni kwenye rafu ya juu ya makaa, karibu na sufuria za chakula nilichopika Ijumaa kikae na joto. Jua lilipozama nikafungua. Pua yako ya milimita ishirini na mbili imeinama kama pua ya mtu anayenusa supu. Vifuniko viwili vimejikunja. Ungeandika juu ya boksi kwamba ndani kuna plastiki! Ningejuaje? Nilidhani ni kitabu.

Narudisha vyote na Tryphosa. Tengeneza upya, najua utaniambia wiki tatu.

Sasa jambo lingine, na hili nalisema nikiwa nimetulia. Barua ya kwanza ulisema milango haifungi. Ya pili ulisema kijiti kitapasua tumbo. Karatasi uliyoweka ndani ya boksi inasema nikague pua, na kwamba magurudumu hayakunjiki kwa sababu rangi ya tumboni haijatosha. Nimesahihisha insha za watoto miaka thelathini na mbili, na mtoto mwenye sababu tatu hana hata moja. Una nini na magurudumu haya?

Programu ya ukumbusho imeshachapishwa. Baada ya wimbo wa pili imeandikwa: Ushahidi wa rafiki wa marehemu kazini, Bw. Walter Masese. Utasimama na ndege mkononi, useme ulimwona akiruka. Nimemwambia Nyangau aje mapema akae mbele.

Damaris


Kisii Mjini,
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Mwalimu,

Pua nimeinyoosha kwa maji ya moto. Vifuniko navivuta upya, kalibu sasa ni laini.

Jina langu uliondoe kwenye programu. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Ndege nitaituma.

Walter


Gesima,
Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Bwana Walter Masese,

Si mtu wa kusema? Kwenye harusi ya Marion ulishika kipaza sauti dakika arobaini mpaka keki ikaanza kuyeyuka.

Nimechoka nawe. Kwa mwaka mzima wewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani ambaye alikuwa pale siku ile, na kila nikikuomba useme sentensi moja unanizungusha na milango na vijiti. Sentensi yenyewe ni fupi: “Nilimwona akiruka.” Mwanafunzi wa darasa la pili anaiweza. Kama huwezi kuisema niambie kwa nini, tena uandike kwa kalamu, usimtume Tryphosa na salamu.

D. Mokeira


Kisii Mjini,
Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mwalimu Damaris,

Siwezi kuisema kwa sababu hakuruka. Mimi ndiye niliyemzuia.

Mwaka ule zawadi ya fundi bora ilikuwa kati yetu wawili. Kazi yangu ilikuwa safi kama yake, nilijiambia hivyo na bado naamini. Mkuu wetu akamchagua Obwocha. Nilimpongeza, nikamsaidia hata kufunga mikanda ya kiti cha nyuma. Alikuwa anatabasamu ndani ya kofia mpaka macho yakapotea. Siku hiyo zamu ya ukaguzi wa mwisho ilikuwa yangu. Ndege ikifika mwanzo wa njia ya kurukia inasimama, fundi anapita chini yake kuangalia mara ya mwisho, kisha anainua kidole gumba. Nilipita chini. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilipotoka nikamtazama pale juu, akanipungia mkono, na kitu kikanipanda kifuani ambacho mpaka leo sijui nikiite nini zaidi ya wivu. Badala ya kidole gumba nikapishanisha mikono juu ya kichwa: simama, zima injini. Nikasema mafuta yanavuja kwenye gurudumu la kushoto.

Hakukuwa na tone hata moja.

Rubani alikuwa na safari wiki iliyofuata, na zawadi ya mwaka huo ikaishia hapo. Fomu ya hitilafu ilihitaji sahihi mbili za mafundi. Obwocha akavua kofia, akaingia chini ya ndege mwenyewe, akapapasa gurudumu la kushoto lote. Mkono ukatoka mkavu. Aliutazama, akanitazama. Kwa kosa lile ningefungwa na kufukuzwa, alijua. Akachukua kalamu akaweka sahihi yake chini ya yangu. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Alikuwa ameshaandika nyumbani kwamba ataruka. Tulipokuja likizo Desemba ile, kabla hatujafika Gesima, akaniambia, “Nitasema niliruka.” Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Nikisema sikuruka wataniuliza nani alisimamisha ndege. Na mama yako anakaa peke yake.”

Wewe umeolewa huko Gesima, unaelewa. Mama yangu alikuwa mjane, ng'ambo ya mto, shamba lake linapakana na la watu wasiompenda. Tayari walikuwa wananong'ona kwamba ana kijicho, kwamba ng'ombe akipita kwake maziwa yanakatika. Kijiji kingesikia mwanawe amemwonea wivu mtoto wa jirani mpaka akamshusha ndegeni, wasingesema ni Walter. Wangesema ni mama yake, wivu ameunyonya kwake. Miaka ile uliona mwenyewe kina mama walivyoitwa wachawi wakachomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Obwocha aliliona hilo kabla yangu, na yeye ndiye aliyekuwa ameibiwa.

Kwa hiyo akasema aliruka, wakamcheka. Nilikuwa sebuleni kwenu mara ngapi wakimcheka? Alikuwa ananitazama, anameza chai, anabadilisha mazungumzo. Mama alifariki mwaka 2009. Tangu siku hiyo sikuwa na sababu tena. Nilikuwa na woga tu, miaka kumi na minne, mpaka naye akafa.

Ndege iko tayari isipokuwa magurudumu. Nimejaribu kuyakunja mara mbili. Siwezi.

Walter


Kisii Mjini,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mwalimu Damaris,

Tryphosa amekuja mara tatu bila barua. Nilimuuliza hali yako, akasema unachuma chai na huongei na mtu. Leo nimefunga duka saa nne asubuhi maana nilimfungia mteja saa yake nikaacha skrubu mbili mezani.

Matusi yoyote uliyo nayo yaandike. Nitayasoma yote. Sema tu nifanye nini na ndege hii.

Walter


Gesima,
Jumatatu, 25 Novemba 2024

Walter,

Sikuandika kwa sababu sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Wewe ni rahisi. Wewe ni mtu mbaya aliyefanya jambo baya akiwa kijana, halafu akawa mwoga kwa sababu woga ni mtamu ukiuzoea. Uliniacha nimpeleke mume wangu kaburini akichekwa, ukiwa umesimama hatua tano kutoka kwangu, umevaa tai. Hilo sitalisema mara mbili kwa sababu nikilisema tena nitachana karatasi.

Yeye ndiye ananishinda. Wanaume wawili, mmoja ameiba, mwingine anaficha kwamba ameibiwa, na mimi katikati napika chai ya wageni miaka yote hiyo bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimtangazie nani? Mama yako nilimpelekea maziwa kila wiki alipougua. Obwocha angeniambia. Nimelia kwa hasira mpaka nimeugua kichwa, nikaenda shambani, nikachuma majani mabaya yakakataliwa kituoni.

Sasa sikiliza. Magurudumu yawe chini. Ulikuwa na haki hapo, ingawa kwa njia ya kitapeli. Usiweke kijiti. Kifuniko cha nyuma kiwe wazi, na utengeneze mtu mdogo akae kiti cha nyuma, kofia mkononi. Kiti cha mbele kiache kitupu, rubani hatuna habari naye.

Jina lako halitoki kwenye programu. Utakuja, utasimama baada ya wimbo wa pili, na utasema yote, pamoja na fomu, pamoja na mama yako. Usipokuja nitaisoma barua yako mimi mwenyewe, na mimi husoma kwa sauti.

Usitume mzigo Jumamosi.

Damaris


Gesima,
Alhamisi, 5 Desemba 2024

Shemeji Walter,

Uliondoka kabla ya chakula, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata. Nakuandikia usije ukayapata sokoni yameongezwa.

Ulimaliza kusema yote, ukatoka getini. Halafu Nyangau akasimama na soda yake mkononi. Akasema, “Basi nilikuwa sahihi. Hakuruka. Alitudanganya.” Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo wiki nzima. Nikamjibu, “Ndiyo, shemeji. Alidanganya miaka thelathini na sita. Sasa nitajie mtu mmoja ambaye wewe umewahi kukubali kuchekwa kwa ajili yake, hata siku moja.” Alitazama upande wa wake zake, akatazama soda. Akakaa. Baadaye akaenda mezani, akainama juu ya ndege yako muda mrefu, akaniuliza kama yule mdogo wa kiti cha nyuma ni Obwocha. Nikamwambia ndiye. Akatoa kitambaa akapangusa macho, na mimi nikamwachia nafasi, kwa sababu alikuwa kaka yake.

Ndege ni nzuri. Upande wa kulia, pale ulipoziba mzinga, nimepitisha kidole na sioni alama. Marion aliona kila kitu kwenye simu akalia, akataka kujua kofia umeitengeneza na nini.

Sijakusamehe. Usinisukume, na usimtume padri wako.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na ni wewe tu utakayelielewa. Mimi pia sikumwamini. Nilitaka magurudumu yakunjwe ili nijilazimishe kuamini. Mwaka wa tisini na nane, wageni wakiwa wameondoka, nilimwambia, “Baba Marion, hiyo ndege yako iache sasa, watu wanakucheka na mimi naona aibu.” Nikaiga anavyoonyesha kwa mikono jinsi ndege inavyopaa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka nami. Akaniambia, “Wewe mwalimu, huwezi kudanganywa.” Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Wewe umeomba msamaha mbele ya kanisa. Mimi nitamwomba yeye msamaha wapi?

Damaris